Sarafu ya Kobe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, nami nimeanza daftari. Tutaona nani ataishiwa maneno kwanza.

Nijitambulishe, ingawa anayesoma daftari la mtu bila ruhusa hastahili adabu. Naitwa Domo, nyumbani na dukani. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tumekubaliana tusilaumiane. Nina miaka kumi na tisa na akili ya mtu wa arobaini.

Nafanya kazi kwa Mjomba, kaka yake Mama. Duka lake ni chumba kimoja: kaunta, kabati la chuma, na kiti kirefu karibu na dirisha. Tunanunua na kuuza sarafu za zamani kwa watu wanaozikusanya. Usicheke. Kuna watu wazima wenye wake na magari wanaotokwa machozi kwa ajili ya sarafu moja. Kiti kirefu ni cha Lenzi, mkaguzi wetu, aliyepewa jina la ile lenzi ya kukuzia isiyomtoka jichoni. Sarafu haiingii kabatini mpaka Lenzi aitazame na aseme ni nini. Tena mvua zikiisha Lenzi anamuoa Dada yangu. Kwa hiyo ni mkubwa wangu kazini na shemeji yangu mtarajiwa, yaani nina kibali cha kumtania mara mbili.

Mama kaniuliza naandika nini. Nimemjibu: historia. Kasema niandike na historia ya ile ndoo aliyoniambia niitege nje tangu asubuhi.

Jumanne, 5 Machi

Leo Lenzi kanifundisha. Kaweka sarafu mbili juu ya kitambaa cheusi.

"Domo, ipi kioo, ipi soko?"

Hayo ni majina yetu ya dukani. Soko ni sarafu ya kawaida: inapigwa chapa mara moja, haraka haraka, maelfu kwa siku, inamwagwa kwenye magunia na kwenda kununua chumvi. Kioo inapigwa taratibu, moja moja, zaidi ya mara moja, kwa chapa iliyosuguliwa mpaka unajiona. Hiyo hainunui hata kiberiti. Inawekwa kwenye kijaluba ipendeze.

"Hii hapa," nikasema. "Inang'aa."

"Na sufuria ya mama yako inang'aa. Nayo ni kioo?"

"Shemeji, usimwingize mama mkwe wako kwenye biashara."

Kacheka kidogo, halafu kanionyesha. Kwenye kioo, ile sehemu tupu inayozunguka picha inameza gazeti: unaliinamisha juu yake na unasoma herufi humo ndani. Picha yenyewe ni nyeupe, kama imepuliziwa unga. Ukingo umekatwa wima kama meza iliyopigwa randa. Soko ukingo wake umelala, kama sabuni iliyokwisha tumika. Na soko mpya ukiiinamisha chini ya balbu, mng'ao unazunguka kama panga za feni.

"Mng'ao usiuamini," kasema. "Mng'ao unanunuliwa kwa fundi."

Nimeelewa vyote. Yeye imemchukua miaka tisa, mimi asubuhi moja.

Alhamisi, 7 Machi

Wamekuja Mwalimu mstaafu na mkewe, wameloa kama nguo za kwenye kamba. Wameleta kijaluba cha sarafu sita, zawadi aliyopewa Mwalimu siku ya kuagwa kazini. Kila moja ina mnyama wake: samaki, ndege, kobe, na wengine. Paa la nyumba yao linavuja, vyungu vyote vya jikoni vimehamia sebuleni. Wanataka tuwatafutie mnunuzi, wapate pesa ya bati. Mjomba kawaahidi mteja wetu mkubwa, daktari wa meno, anayekuja Jumamosi ya tarehe 27 Aprili.

Nimeona ya samaki na ya ndege tu, zinawaka kama macho ya paka, halafu Mjomba kanituma kupiga deki maji waliyoingia nayo. Mtu mwenye kipaji anapewa dekio.

Lenzi kaandika kwenye stakabadhi: "Kioo, sita." Mke wa Mwalimu akabaki nyuma, akamnong'oneza kitu. Lenzi akatabasamu. Naliandika hili kwa sababu Lenzi hatabasamu bure.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Mteja mmoja, naye alikuwa anajikinga.

Jumatatu, 11 Machi

Saa saba Lenzi katoka na mkoba mtupu. Karudi saa nane, mkoba unamvuta bega.

"Umekula nini, mawe?"

"Mawe na nyanya," kajibu, akaufungia mkoba kwenye droo yake.

Zamani droo ile ilikuwa haifungwi.

Jumatano, 13 Machi

Katoka tena. Mkoba tena. Droo tena.

Alhamisi, 14 Machi

Balbu ya mezani imeungua. Mjomba kasema ile taa ndefu ya dari inatosha. Lenzi kalalamika kwamba chini ya taa ndefu sarafu zote zina sura ya mgonjwa, haijulikani nani anaumwa nini. "Balbu itanunuliwa," kasema Mjomba. Namjua Mjomba. Mshahara wangu nao ulikuwa "utaongezwa".

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimemfuata.

Nilimwachia hatua hamsini, nikajifunika mwavuli wa Mama wenye mbavu tatu zilizovunjika, mwendo wa paka kabisa, isipokuwa pale nilipoingia dimbwini hadi gotini. Lenzi akakata kona, akaingia kwa fundi anayeng'arisha vyuma: mabomba ya maji, vitasa, vikombe vya michezo. Nikachungulia penye ubao uliopinda. Fundi alimwekea kopo la sarafu. Lenzi akachutama, akawa anazichambua, moja anaacha, moja anatia mkobani. Wanacheka wote wawili.

Mtu mwingine angesema: anapenda sarafu tu. Mimi si mtu mwingine. Mkaguzi wa sarafu ana kazi gani na fundi wa kung'arisha? Jibu ni moja. Anachukua soko, inasuguliwa mpaka iwake, anaitia kabatini, na kioo halisi inaondoka kwa mlango wa nyuma. Nani atagundua? Mkaguzi ndiye yeye.

Daftari hili leo nalala nalo chini ya mto.

Jumanne, 19 Machi

Nimemwambia kinyozi peke yake. Kinyozi ni mtu wa siri.

"Yule?" kasema kinyozi, mkasi ukasimama hewani. "Mimi simwamini tangu zamani. Hajawahi kunyolewa hapa."

Jumatano, 20 Machi

Muuza magazeti kaniuliza kama ni kweli kuhusu Lenzi. Nimemuuliza kisa hiki kakisikia wapi. Kasema kwa kinyozi. Basi nimemsahihishia, maana alikuwa kakisikia nusu.

Jumapili, 24 Machi

Lenzi alikuja kwetu mchana. Mama kampa kile kiti chenye mgongo mzima. Dada kavaa hereni. Yeye anakula kwa utulivu, anamsifia Mama mapishi, mwizi mwenye adabu zake.

"Mbona unamtazama shemeji yako kama askari wa getini?" kauliza Dada.

"Natazama mikono. Ana mikono mizuri."

"Domo, usinitibulie," kanong'ona Dada. Hakuwa anatania.

Jumatatu, 25 Machi

Lenzi alipotoka saa saba nilichukua ufunguo wa kabati kwenye mtoto wa meza wa Mjomba. Nimevaa glavu, nimeshika kwa ubavu, sheria zote. Tano safi: gazeti nimelisoma ndani yake mpaka matangazo ya vifo. Ya sita, ile ya kobe, ina ukungu. Inang'aa, ndiyo, lakini mng'ao wa kulazimishwa, na mikwaruzo myembamba imepita upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Gazeti halisomeki.

Nimeirudisha.

Nilijua. Mimi, Domo, niliyeambiwa na shule nzima kwamba sitafika popote.

Jumanne, 26 Machi

Nitaandika polepole, maana ni mengi.

Asubuhi nilimwambia Mjomba: fundi, mkoba, droo, kobe. Mjomba alisikiliza huku kashika kidevu. Akaitoa sarafu, akaipeleka chini ya taa ndefu, akaigeuza na kuigeuza, miwani juu, miwani chini. Uso wake ukawa mzito. Lenzi alipoingia, hakumjibu salamu.

"Hii ndiyo uliyopokea?"

Lenzi hakuhitaji hata kuishika. "Ndiyo hiyo."

"Uliandika kioo."

"Ni kioo."

"Lenzi, mimi si mtoto. Hii imesuguliwa. Hii ni soko iliyopelekwa kwa fundi."

"Imesuguliwa, ndiyo. Lakini ni kioo. Itazame vizuri, mzee. Tafuta balbu."

"Usinifundishe kutazama! Domo, wewe ulikuwepo siku ile. Ulikuwaje mng'ao wake?"

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema: "Zote sita zilikuwa zinawaka, Mjomba. Nimeziona kwa macho yangu haya."

Lenzi akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Alinitazama kama anavyotazama sarafu.

"Na kwa fundi unafuata nini?" akauliza Mjomba.

"Mambo yangu ya kazi. Mngeyaona baadaye."

"Nayaona sasa. Fungua droo."

"Miaka tisa nimekaa kwenye kiti hiki," akasema Lenzi. "Leo neno langu halitoshi mpaka nipekuliwe? Basi, mzee, kiti hiki hapa." Akaweka ufunguo wa droo juu ya kaunta, akavaa koti, akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Mjomba hakuigusa droo. Alikaa na ile sarafu mkononi mpaka saa ya kufunga. Akasema tu: "Nitamwambia nini Mwalimu?"

Jumatano, 27 Machi

Mjomba kamwambia Mama harusi isimame mpaka lijulikane. Dada kaingia chumbani, kavua hereni kaziweka mezani mbele yangu, moja, halafu nyingine.

"Umefurahi?"

"Nimekuokoa," nikamwambia.

Alhamisi, 28 Machi

Mwalimu kaja, kaambiwa. Hakupiga kelele. Kauliza kama bila ya kobe zile tano zinaweza kununua bati. Mjomba kasema mkusanyaji anataka seti. Mwalimu kasema, "Naam," kama vile mwanafunzi kakosea hesabu, na kaondoka.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimekalia kiti. Ni kirefu, miguu inaning'inia, lakini nakitosha sehemu nyingine zote. Njiani nimepongezwa na muuza mayai, fundi simu na wale wawili wa gereji. Nimewasimulia wote, kila mmoja kwa urefu unaomstahili.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Kiti kinaumiza mgongo.

Jumamosi, 6 Aprili

Lenzi kaondoka, lakini shaka haikuondoka naye. Leo nimejiuliza: kwa nini Mjomba hanunui balbu? Anaogopa nione nini? Na Mwalimu mbona hakupiga kelele? Mtu kaibiwa, anasema naam? Na kinyozi, kwa nini anauliza sana tunafunga saa ngapi? Hata Mama kanipa chai leo bila kunitazama nikaikagua kwanza.

Jumanne, 9 Aprili

Mtu kaleta sarafu. Nikasema kioo. Mjomba kanunua. Baada ya saa moja nikaiona ukingo umelala. Sabuni tupu. Nimemwambia Mjomba itapanda thamani.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo nimefungua droo. Ufunguo ulikuwa kwenye kaunta tangu siku ile, umeanza kushika kutu. Nilisema moyoni: hapa nitakuta vioo alivyoviiba, na kila mtu atanyamaza.

Nimekuta trei ya mbao yenye vishimo kumi na viwili. Kila kishimo sarafu, na chini ya kila sarafu karatasi iliyokunjwa. Nyingine zinang'aa vibaya, nyingine zimechakaa. Juu yake kaandika kwa mwandiko ule ule wa stakabadhi: "Mtihani wa Domo. Kabla ya harusi."

Nilisoma mara tatu.

Halafu nikasema, aa, mtihani? Nikazipanga. Nikaandika majibu yangu kumi na mawili, nikafungua karatasi. Nimepata matano.

Lakini si hilo. Ni zile karatasi. "Hii ni soko, kaing'arisha fundi. Domo ataiita kioo." Kweli nimeiita kioo. "Hii ni soko mpya kabisa, mng'ao wa feni. Domo hataiinamisha, ana haraka." Kweli. "Hii ni soko iliyochovywa rangi ya fedha. Ataipenda." Kumbe zile alizokuwa anachambua kwa fundi ni hizi. Alikuwa ananikusanyia waongo wote wa mjini ili nisije nikadanganywa nikikalia kiti.

Na ya kumi na moja: "Hii ni kioo iliyosuguliwa na mtu asiyejua. Sura imekufa, lakini mwili ni mzima. Domo ataapa ni soko."

Nilikuwa nimeandika: soko.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimenunua balbu kwa pesa yangu. Mjomba kaniuliza naumwa? Nikamwambia aende akale.

Nimewasha balbu, nimezima taa ndefu, nimeitoa kobe. Sura yake ni ile ile, ukungu na mikwaruzo. Safari hii sikutazama sura. Nimetazama ukingo: wima, umekatwa kama meza. Nimetazama herufi: kila pembe kali, zimesimama kama zimechongwa jana. Fundi hawezi kuzisimamisha herufi, anaweza kuzilaza tu. Halafu nimechungulia kwa lenzi ya kukuzia ndani ya tumbo la herufi O, pale ambapo kitambaa hakifiki. Humo ndani mlikuwa na kioo. Kipande kidogo kuliko kichwa cha sindano, kinawaka.

Ni ile ile. Haikuwahi kubadilishwa.

Nikarudi kwenye daftari hili, tarehe saba Machi, kutafuta niliandikaje kuhusu kobe nilivyoiona inawaka. Nimeandika nini? Samaki na ndege. Halafu dekio. Kobe sikuiona kabisa. Nilimwambia Mjomba nimeiona kwa macho yangu haya, na wakati nasema nilikuwa naamini. Hapo ndipo panaponitisha.

Jumamosi, 13 Aprili

Lakini nani aliisugua? Na kama ni Lenzi? Kwa mara ya mwisho nilitaka awe Lenzi. Nikaenda kwa Mwalimu kuuliza kijaluba kilikuwa kinakaa wapi.

Mwalimu hakuwepo. Mkewe alinikaribisha sebuleni kwa bilauri ya maji, vyungu saba sakafuni, kila kimoja kinapokea tone kwa sauti yake. Nilikaa katikati yao miguu nimeikunja.

"Wewe ndiye kijana wa dukani? Yule mwingine mpole hajambo?"

"Hajambo, mama. Hizi sarafu mlikuwa mnaziweka wapi?"

"Kabatini, baba. Mwenyewe hazigusi, anasema ni za serikali. Mimi naipenda ile ya kobe tu. Siku tulipozileta, asubuhi nikaona imefifia kidogo kuliko wenzake, nikasema isije ikanitia aibu mbele za watu. Nikaisugua kwa dawa ya meno na kitambaa kikavu mpaka mkono ukauma. Mume wangu hajui. Nilimwambia yule mpole pale dukani, nikamuuliza nimekosea? Kanijibu, 'Hapana mama, imekaa vizuri.' Ana malezi yule."

Tone likaanguka kwenye chungu.

"Mbona hunywi maji, baba?"

"Nakunywa, mama," nikasema, nikainua bilauri iliyokuwa tupu muda mrefu.

Kwa hiyo Lenzi alijua tangu siku ya kwanza. Neno lake lilipotiliwa shaka, angeweza kuyamaliza kwa sentensi moja: muulizeni mke wa Mwalimu. Hakuisema.

Jumapili, 14 Aprili

Sijasema.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Sijasema. Nikisema, kiti kinaondoka. Nimejaribu kujidanganya kwamba si kwa sababu ya kiti.

Alhamisi, 18 Aprili

Sasa kila mtu akinong'ona nadhani ni kuhusu mimi. Dada kafumua mishono ya gauni la harusi, anasema kitambaa kitamfaa mtu mwingine.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimesema.

Niliomba Mjomba awaite Mwalimu na Lenzi. Lenzi alikuja, alisimama mlangoni, hakuingia zaidi ya pale matone yanapoishia. Mwalimu alikaa. Nikawasha balbu. Sauti ilikuwa inanikimbia, mimi, Domo.

"Mjomba, tazama ukingo. Sasa herufi. Sasa shika lenzi ya kukuzia utazame ndani ya hii O."

Mjomba alitazama muda mrefu mpaka nikadhani kalala. Alipoinua kichwa hakunitazama mimi.

"Ni ile ile," akamwambia Lenzi.

"Ni ile ile," akasema Lenzi.

"Na wewe," Mjomba akanigeukia, "ulisema uliiona inawaka."

"Sikuiona. Nilikuwa napiga deki. Niliona mbili tu. Nimeangalia daftari." Nikaisogeza ile trei. "Na zile za kwa fundi alikuwa ananikusanyia mimi, nijifunze. Trei hiyo hapo."

Mwalimu akakohoa kidogo.

"Basi kama ni ile ile, nani aliisugua?"

Miezi miwili nina jibu la kila kitu. Ninajua nani mwizi, nani mnafiki, nani anatufuata njiani. Jibu hili moja ndilo nilikuwa nalo la kweli, tena lilikuwa limeniketi kwenye ncha ya ulimi. Nilimtazama Lenzi. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Aliniacha tu.

"Hilo sijui, Mwalimu."

"Wewe?" akasema Mjomba. "Hujui?"

"Sijui."

"Ilikuja hivyo, Lenzi?"

"Ilikuja hivyo, mzee. Kosa langu ni kwamba sikuandika."

Mwalimu akaitazama ile sarafu bila kuishika. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwangu tunaishi wawili," akasema taratibu. "Na mimi huwa sizigusi." Halafu akainuka, akampa Lenzi mkono kwa mikono yake miwili. "Hapana haja ya kumuuliza mtu."

Mjomba aliomba radhi. Sijawahi kumsikia akiomba radhi, aliiomba kama mtu anayetoa jino. Kisha akavuta kile kiti, akakifuta kwa mkono wake wa shati, na Lenzi akakaa.

Jumanne, 23 Aprili

Nilidhani imekwisha. Nilimfuata Dada jikoni nikamwambia haya, shona gauni.

Akaendelea kuosha vyombo. "Nilivyokwenda sokoni jana, unajua muuza mayai kaniambia nini? 'Pole, Mungu kakuepusha na mwizi.' Mjomba anajua. Mama anajua. Na muuza mayai?"

"Nitamwambia."

"Uliwaambia wangapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Vidole vikaisha, nikaanza upya.

"Siolewi na mtu anayenong'onwa," akasema Dada. "Si kwamba namshuku yeye. Lakini watoto wangu wataitwa watoto wa nani mtaani hapa? Waliosikia kwako, wasikie tena kwako. Mmoja mmoja. Ukimaliza uniambie, nitatunga sindano."

"Shemeji kakutuma?"

"Shemeji yako hajasema neno. Ndiyo maana nasema mimi."

Jumamosi, 27 Aprili

Daktari wa meno kaja na gari lake. Lenzi kamwonyesha kobe kabla ya zote, kamwambia imesuguliwa. Daktari kanusa, kacheka: "Hii mint ya dawa ya meno naijua." Kapunguza bei, kachukua seti nzima. Bati litafika sebuleni na chumbani, jikoni litasubiri.

Jumatatu, 29 Aprili

Muuza magazeti: kakubali. Fundi simu: kasema alikuwa hajaamini, lakini uso wake umemkana. Wawili wa gereji wamecheka mpaka wamekaa chini, wananiita mpelelezi. Nimewaacha wacheke. Muuza mayai kanisikiliza mpaka mwisho, halafu kaniuzia mayai mawili mabovu, nadhani makusudi.

Jumanne, 30 Aprili

Sita wengine. Kuyasambaza maneno kulinichukua siku chache na kulikuwa raha. Kuyaokota tena, kila mlango unanitaka nianze na "mimi ndiye niliyekosea." Wengine wanaipenda sana hadithi ya kwanza, wananing'ang'ania nisiiharibu. Nimejaribu kuanza na maneno mengine. Mlango haufunguki.

Jumatano, 1 Mei

Amebaki kinyozi. Nimekwenda nimegeuka mlangoni mara mbili.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua imekatika tangu jana, barabara inafuka mvuke. Kinyozi alikuwa na wateja wawili kwenye benchi na mmoja kitini, redio imefunguliwa hadi mwisho.

"Domo! Mpelelezi! Nasikia jamaa karudishwa kazini."

"Hakuiba. Nimekuja kusema hivyo. Mimi ndiye niliyekosea."

"Aaa." Akawakonyeza wale wa benchi. "Mmeyamaliza kifamilia. Vizuri. Anaoa dada yako, utasema nini tena?"

"Hakuiba kweli. Sarafu ilikuwa ni ile ile."

"Ndiyo, ndiyo. Ile ile." Wale wa benchi wakacheka. "Wewe mwenyewe si ulimwona kwa fundi? Kwa macho yako? Mimi nilijua tangu mwanzo, usinibadilishie sasa hivi."

Ningeweza kuondoka. Nilikuwa nimeshamwambia, na Dada hakuagiza kwamba lazima aamini. Lakini nilimtazama yule kitini, nusu kichwa kimenyolewa, ananitazama kwenye kioo, na wale wawili, na nikaona hadithi yangu inaondoka humo mara tatu zaidi, inakwenda majumbani ambako mimi sijui hata milango yake.

Nikavuta kigoda, nikaketi katikati ya nywele za watu.

"Zima redio," nikamwambia. "Naanza upya. Siku ile sikuona kitu. Nilikuwa nimeshika dekio."